Malkia Anayemkatiza Tarishi

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vitabu,
Jumapili, tarehe 3, baada ya chakula cha mchana.

Wifi, mwanangu amekuwa malkia! Kasuku wetu! Wasichana walijaa ukumbi wa majaribio mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi, na katika wote hao ameitwa yeye. Malkia mwenyewe, si mjakazi wa malkia, si yule anayeshika kinara cha mshumaa na kunyamaza. Malkia!

Haya, nimepumua. Sasa naanza upya kama watu wenye adabu.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko mbali uliko, wewe na mumeo na mapacha. Goti lako linaendeleaje? Uliposema kwamba unapanda ngazi ukishika ukuta, nilikaa na wazo hilo siku nzima. Usijikaze mbele ya daktari. Mwambie kila panapouma, hata asipouliza. Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu ni ule ule wa mafundi, unanikumbusha umri kila nikiinuka kwenye cherehani, lakini uzi bado nautunga kwenye sindano bila miwani. Hilo hulisema kwa sauti ili fundi viatu wa mlango wa pili asikie, maana yeye amenizidi miaka michache tu na anatungiwa na mkewe.

Nyumba imetulia kupita kiasi. Tangu tumzike kaka yako mwaka jana, mimi bado nakosea vikombe. Naweka na chake. Kasuku anakirudisha kabatini bila kusema kitu, na mimi sisemi kitu, tunakunywa chai.

Ndiyo maana habari hii ya umalkia nimeitanguliza mbele ya salamu. Unamjua Kasuku. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu alipokuwa mdogo hakuna neno lililopita masikioni mwake bila yeye kulirudia. Basi baada ya msiba alinyamaza. Ukimuuliza anajibu, ukimtuma anakwenda, lakini maneno yake mwenyewe yalikwisha. Chuoni kwao walimu waliniita kuniuliza kama anaumwa. Maneno marefu ya kwanza niliyoyasikia kutoka kinywani mwake baada ya miezi mingi yalikuwa ya huyu malkia. Sasa unaelewa kwa nini nilitaka apewe nafasi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Na unaelewa nilivyoumia kaka yenu mkubwa aliposema hapana. Lakini huko nitafika.

Mchezo wenyewe ni tamthilia ya Kiingereza, na si Kiingereza hiki cha redioni. Ni cha miaka mia nne iliyopita, mtunzi wake hajulikani. Ni habari za malkia mzee anayemngoja mwanawe arudi kutoka vitani. Mimi niliyeishia darasa la saba nilidhani Kiingereza ni kimoja, kama vile uzi mweusi ulivyo mweusi. Kumbe na chenyewe kina babu yake, na huyo babu anaongea mengine kabisa.

Kabla ya majaribio Kasuku alinifundisha hapa hapa chumbani, mimi nashona, yeye amekaa kwenye marobota ya kitambaa. Kuna neno "presently". Leo watu wakilisema wanamaanisha baadaye kidogo, au kwa wakati huu. Zamani lilikuwa ni sasa hivi, papo hapo, inuka uende. Kuna "cousin", ambalo siku hizi ni binamu. Kwenye tamthilia mfalme anamwita kila mtu "cousin", hata yule anayepanga kumkata kichwa, maana kwao lilimfaa ndugu wa aina yoyote, na wafalme waliitana hivyo kwa heshima tu. Nikamwambia basi na mimi mteja asiyekuja kuchukua nguo zake nitamwita binamu.

Na kuna "thou". Hii ndiyo iliyonikalia moyoni. Kumbe zamani walikuwa na namna mbili za kumwita mtu. "You" ilikuwa ya heshima na ya umbali, ya mtu mkubwa au mgeni. "Thou" ilikuwa ya mtoto, ya mtumishi, ya mpenzi, na ya Mungu. Nikamuuliza inakuwaje Mungu anaitwa kama mtoto wa nyumbani. Akasema kwa sababu yuko karibu. Malkia huyu wetu anamwita mwanawe "you" mbele za watu kwa sababu ni mwana wa mfalme, lakini akibaki peke yake jukwaani anamwita "thou". Wifi, nilisimamisha cherehani. Maana hata mimi namwita kaka yako jina lake kamili mbele za watu, na nikiwa peke yangu namwita lile jingine.

Tena ni mashairi, karibu mchezo mzima. Kila mshororo una mizani kumi na mapigo matano, dogo kubwa, dogo kubwa. Kila pigo dogo na kubwa lake wanaliita mguu, kwa hiyo mshororo una miguu mitano. Nikamuuliza huyo ni mdudu gani. Vina hakuna. Nikasema sisi shuleni shairi lisilo na vina tuliambiwa ni guni, mwalimu wetu angelichana. Kasuku akacheka, na kicheko chenyewe sikuwa nimekisikia siku nyingi. Akasema, "Mama, walitaka isikike kama mtu anaongea tu, lakini chini yake moyo unapiga."

Basi nikakanyaga pedali ya cherehani polepole, ti-TA, ti-TA, ti-TA. Akasema usiache. Kuanzia siku hiyo alisema maneno yake yote juu ya cherehani yangu. Mimi ndiye niliyempa mapigo, wifi, lijue hilo, na ukikutana na mtu huko umwambie.

Wakubwa ndio wanaosema kwa mizani. Watumishi husema kwa maneno ya kawaida. Nikasema basi mimi ningekuwa mtumishi. Akanijibu, "Wewe mama ukikasirika unatoa mizani kumi bila kuvuta pumzi." Kuna na kusema pembeni, ambapo mtu anawaambia watazamaji siri yake na aliyesimama karibu naye hasikii. Hilo si geni kwangu. Mke wa fundi viatu hulifanya kila siku, tofauti ni kwamba mumewe husikia.

Jambo jingine ni kwamba pazia halikuwepo. Siku hizi mtu akifa jukwaani pazia linafungwa, anainuka anakwenda kunywa maji. Zamani aliyekufa alilala pale mbele ya macho ya watu, na ilibidi mtunzi aandike nani atambeba. Kwa hiyo mwisho wa tamthilia hizi kuna mtu anasema mchukueni, na walio hai wanambeba. Kuna na neno lake linaloandikwa ukingoni, "exeunt", yaani wote wanatoka. Kasuku aliponieleza hilo alirudi kwenye maneno yake. Na mimi nikarudi kwenye pindo.

Sasa sikiliza alivyopata nafasi yenyewe. Mwongozaji wa kikundi cha maigizo ni mama mmoja mfupi mwenye sauti ya king'ora, na anafanya kazi kama walivyofanya wale wa kale. Zamani kunakili kitabu kizima kwa mkono ilikuwa taabu, basi mchezaji alipewa maneno yake tu, yamebandikwa kwenye karatasi ndefu inayokunjwa kama utepe. Ya wenzake hapewi. Anaandikiwa yale mawili matatu ya mwisho anayoyasema mwenzake kabla yake, na sisi humu ndani tunayaita mkia. Ukisikia mkia, unasema yako. Kwa hiyo hujui nani atakuja, hujui amebeba habari gani. Inabidi usikilize kweli.

Siku ya majaribio malkia anakuja kukutana na tarishi kutoka vitani. Mkia wa Kasuku ulikuwa "madam, your son", yaani mama mtukufu, mwanao. Kijana aliyesoma utarishi, karani wa benki, akaanza hotuba yake, akatamka "madam, your son", na Kasuku akaingia. Kumbe hakuwa amemaliza! Ndiyo kwanza anaanza. Yule karani akarudia, "madam, your son", na Kasuku, kwa kuwa mkia ni mkia, akaingia tena na maneno yanayofuata. Mara ya tatu vilevile. Ukumbi ukaangua kicheko. Kasuku akasimama katikati, anajua ameharibu.

Mwongozaji akagonga meza. "Nani anacheka hapo? Binti, endelea kumkatiza!" Kisha akawaeleza. Mtunzi aliweka mkia ule mara tatu kwa makusudi, ili mchezaji aingie kabla ya wakati, na tarishi akose nafasi. Kwa sababu mama anayengoja habari ya mwanawe hawezi kungoja sentensi iishe. Wasichana wote waliotangulia walipoona wamekosea walinyamaza wakaomba radhi. Kasuku peke yake ndiye aliyeingia mara zote tatu. Jina lake likaitwa pale pale.

Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nguzo ya umeme. Nikawaambia wateja, nikamwambia muuza mkaa, nikamwambia na mtu aliyekuja kuuliza njia. Fundi viatu tangu siku hiyo haniiti jina. "Mama Malkia, umeamkaje?" Namjibu, "Nimeamka salama, binamu."

Furaha hiyo haikukaa, wifi. Kaka yenu mkubwa alikuja, akasikia, akaweka kikombe chini.

"Mtoto amemzika baba yake, hata udongo haujakaa," akasema. "Leo akalie jukwaani, watu wakate tiketi?"

"Shemeji, ni mchezo."

"Na machozi yake yatakuwa ya mchezo?"

Akauliza huyo malkia analilia nini, nikamwambia tarishi anamletea habari ya msiba. Uso wake ukafunga kama duka. "Hapana," akasema. "Nimesema hapana." Akaondoka bila kumtazama Kasuku, na tangu msiba hamtazami. Nilidhani ana hasira naye kwa jambo nisilolijua.

Nikamwambia Kasuku, nenda tu kacheze, mimi mama yako nimekubali. Akatikisa kichwa. "Baba mkubwa ndiye baba sasa. Akisema hapana, ni hapana." Mwongozaji akampa hadi Jumatatu, yaani kesho. Asipopeleka neno la wazee wake, nafasi inakwenda kwa msichana mwingine. Wiki nzima Kasuku hakusema mstari hata mmoja. Kikombe cha baba yake nilikiweka tena kwa bahati mbaya, na safari hii hakukiondoa.

Jana mchana shemeji akaja kusisitiza. Nilikuwa napiga pasi gauni la malkia, maana mwongozaji alinipa na ushonaji, la rangi ya zambarau iliyokolea, mikono mipana. Yeye akalitazama kama mtu anayetazama jeneza. Kasuku akamletea kiti, akapiga magoti mbele yake.

"Baba mkubwa, nina ombi moja. Yule anayenisomea tarishi ana mafua, sauti imekwisha. Wewe ndiye mwenye Kiingereza katika ukoo huu. Nisomee mara moja tu. Ukimaliza ukisema hapana, Jumatatu narudisha karatasi na sitalitaja tena."

Unamjua kaka yako mkubwa. Ukitaja Kiingereza chake huwezi kukosea. Alikuwa mkalimani mahakamani miaka yote ile, majaji wanakuja na kuondoka, yeye yuko pale pale kati ya hakimu na mshtakiwa. Akavaa miwani, akakunjua karatasi ya tarishi, ambayo Kasuku aliiazima kwa yule karani, akapitisha macho.

"Nani aliandika hivi?" akasema. "Mahakamani kwetu huyu angewekwa ndani kwa kumsumbua mkalimani."

Kasuku akasimama karibu na dirisha. Mimi nikakaa kwenye cherehani, nikaanza kukanyaga taratibu, bila kitambaa.

Akaanza kusoma kwa sauti ile ya mahakamani, kavu, iliyonyooka. Alipofika "madam, your son", Kasuku akaingia. Maana ya maneno yake naijua, alishanieleza. Malkia anauliza kama mwanawe amepata farasi mwingine, maana yule wa kwanza alikuwa anachechemea.

Shemeji akatazama karatasi, akadhani ameruka mstari. Kumbuka na yeye alikuwa na maneno yake tu. Hakujua kwamba atakatizwa. Akarudi. "Madam, your son." Kasuku akaingia tena. Malkia anasema huko usiku ni baridi, ampelekee joho lake, limekwisha kufuliwa.

"Madam," akasema shemeji, na sauti haikuwa tena ya mahakamani. "Your son."

Malkia anauliza anarudi kwa njia ipi, ili atume watu wenye taa.

Mguu wangu ukasimama kwenye pedali. Wifi, hapo ndipo nilipoona. Wewe katika barua yako uliuliza ilikuwaje siku ile hospitalini, ndugu yako alikuwa na nani, alisema nini. Hakuna aliyekujibu, na si kwa ubaya. Mimi sikujua, na aliyejua alikuwa hasemi. Ninachokijua mimi ni cha koridoni. Tulipanda mimi na Kasuku, mimi na chupa ya uji, yeye na shuka. Kaka yenu mkubwa akatoka mlango wa wodi akasimama mbele yetu. Akasema, "Baba yako..." Kasuku akasema, "Amekula?" Akasema, "Baba yako, mwanangu..." Kasuku akasema, "Nimemletea shuka lake, hilo la hospitali linamwasha." Akasema, "Baba yako..." na Kasuku akauliza daktari amesema anatoka lini. Shemeji akageuka, akatembea hadi mwisho wa koridoni, akasimama akitazama ukuta. Aliyetuambia alikuwa muuguzi.

Hiyo sentensi hakuimaliza. Mwaka mzima, wifi. Na mimi nilidhani ni hasira.

Jana nilitaka kuinuka nimnyang'anye karatasi. Kasuku akanitazama tu, nikakaa. Hakuwa tena na maneno; malkia baada ya pale ananyamaza, anasikiliza. Sijui kama alikuwa amepanga. Nimemuuliza jana jioni, akasema, "Mama, hata mimi sijui." Ninamwamini.

Shemeji akavuta pumzi, akasoma mstari unaofuata. Kisha akainua kichwa na kuusema kwa Kiswahili, kwa mazoea yake ya kazi, maana mkalimani hawezi kuacha maneno ya watu upande mmoja. Na mkalimani hasemi "anasema kwamba", husema "mimi". Akasoma mwingine, akautafsiri. Akafika pale tarishi anaposema kwamba alikuwepo.

"Mimi nilikuwa karibu naye," akasema.

Macho yake hayakurudi tena kwenye karatasi.

"Hakuwa peke yake. Alitaka ageuzwe aelekee dirishani, nikamgeuza. Akaniuliza ni saa ngapi, nikamwambia. Akasema, basi watakuwa wameshatoka nyumbani. Huko nje mfagizi alikuwa anapiga deki, ndoo inagonga gonga. Akasikiliza. Akasema, 'Waambie wasikimbie kwenye ngazi, zitateleza.' Nikamwambia nitawaambia. Nikageuka kuchukua glasi ya maji, nilipomtazama tena alikuwa ameshakwenda. Mkono wake ulikuwa kwenye wangu."

Akatoa miwani.

"Habari ya ngazi sikuwaambia. Mlikuwa mmeshapanda."

Nje fundi viatu alikuwa anagonga soli, akaacha. Sijui kama alisikia. Kasuku alikuwa bado amesimama dirishani, wima, kama alivyofundishwa, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta.

"Aliumia, baba mkubwa?"

"Hapana. Alikuwa amechoka tu. Kama mtu aliyetoka kazini."

"Nisamehe. Nilikukatiza."

"Ulikuwa na shuka mkononi," shemeji akasema. "Ningekuambia vipi?"

Kasuku akaenda akakaa sakafuni miguuni pake, akalaza kichwa kwenye goti lake kama alivyokuwa akifanya utotoni. Na kaka yako, wifi, yule ambaye mwaka mzima hakumtazama, akamwekea mkono kichwani. Mimi nililia kwenye gauni la malkia. Nimelipiga pasi upya leo asubuhi, doa halionekani.

Kwa hiyo hayo ndiyo majibu ya swali lako. Ndugu yako hakuwa peke yake, hakuumia, aliangalia dirishani, na neno lake la mwisho lilikuwa la kutuhurumia sisi na ngazi. Nimelifikiria usiku kucha. Ni neno dogo. Lakini lilikuwa letu, na sasa tunalo, na wewe unalo. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema, "Mwandikie dada yangu. Mwambie yote, usipunguze." Ndiyo maana sikutaka kukupigia simu. Ningelia, salio lingekwisha, na wewe usingepata hata nusu.

Baadaye nikachemsha chai. Shemeji alipokunywa kidogo akairudia ile karatasi, akaisoma hadi mwisho kimya kimya, midomo inatembea. Nikaona wakati umefika, lakini sikuthubutu kuuliza. Kasuku naye hakuuliza. Shemeji mwenyewe akasema, bila kuinua macho:

"Huyo malkia anamkatiza tarishi mno. Hampi mtu hata pumzi."

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba mkubwa," Kasuku akasema taratibu.

Shemeji akapitisha kidole kwenye mstari. "Basi aliyeandika alikuwa amefiwa."

Akakunja karatasi kama ilivyokuwa, akampa Kasuku mkononi. "Kesho kutwa mpelekee huyo mama wa king'ora neno letu. Mwambie wazee wamekubali. Na huyo karani wa benki, akipona mafua mleteni kwangu. Nilivyosikia, anatangaza msiba kama anasoma salio la mtu."

Ndivyo ilivyokuwa, wifi yangu. Leo tangu asubuhi Kasuku anasema mistari yake kwa sauti, nyumba nzima inasikia, na amekwisha nirekebisha mapigo mara mbili kwamba naharakisha. Mimi! Na pedali hii! Nimemwambia malkia asiyeheshimu cherehani atatoka jukwaani na pindo moja.

Sasa nisikilize. Najua kazi zenu, najua goti lako, najua umbali. Lakini kaka yako mkubwa amesema anataka mstari mmoja wa viti ujae watu wetu, na kiti cha katikati ni chako, kwa kuwa wewe ndiye uliyekosa mazishi. Hilo halikuwa kosa lako na hakuna anayelitaja. Ila safari hii ndugu yako atatajwa mbele ya watu kwa namna ambayo watazamaji wengine hawatajua, na sisi tutajua. Nimekwisha kata kitambaa cha gauni lako, kwa kipimo kile cha zamani. Kama umenenepa niandikie upesi, kama umekonda usiniambie, nitasikitika. Ukumbini ngazi ni chache na nitakushika mkono.

Nisalimie mumeo, mwambie yale maneno ya "thou" ayafanyie mazoezi, yatamfaa. Wabusu mapacha. Kasuku anakusalimu sana, shangazi yake, anasema atakuonyesha karatasi yake ukija, si kabla. Fundi viatu na mkewe nao wanasalimu. Yeye ameniomba nisisahau kuandika kwamba viatu vya malkia ni kazi yake. Nimeandika.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, alitie nguvu goti lako, na awaweke wote unaowapenda mahali unapoweza kuwafikia kwa mkono.

Mimi wifi yako, mke wa ndugu yako hadi leo, nikupendaye bila kupunguza,

Mama Kasuku, ambaye sasa ni Mama Malkia.

Mchezo ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa kumi na mbili jioni. Tunawangoja nyote.